Mrejesho: Kitabu cha rejea kwenye mtihani wa FE

Wakuu, habari zenu. Niliwauliza jinsi ya kutumia kitabu cha rejea cha NCEES (baraza linaloandaa mtihani) kwenye mtihani wa FE, yaani wa misingi ya uhandisi, fani ya ujenzi, huku Marekani, bila muda kuniishia. Matokeo yametoka, nimefaulu. Asanteni sana, hasa mkuu aliyeniambia niachane na kuchapisha. Chumbani huingii na karatasi yako. Kitabu kinakuja kwenye skrini, pembeni ya swali, na unatafuta kwa kuandika neno. Basi nilishusha PDF yake, ni bure ukiwa na akaunti ya NCEES, nikafanyia mazoezi humo humo.

Kazi yote ipo kwenye neno unaloandika. Mfano wa mazoezi (ya mtihani siyataji, tulikubali masharti): maji yanapita kwenye mfereji, unatakiwa kasi. Ukitafuta neno la jumla kama "flow" utazama kwenye kurasa lukuki. Andika "Manning", jina la fomula ya kasi ya maji mferejini, unatua kwenye fomula yenyewe, na hapo hapo wamekuwekea K, namba inayotegemea vipimo unavyotumia: 1 kwa vipimo vya SI, 1.486 kwa vya Kimarekani. Hiyo K isome kila mara, hata kama fomula unaijua kwa kichwa.

Maswali ni 110 kwa saa 5 na dakika 20, hayafiki dakika 3 kila moja. Mtihani una sehemu mbili, ukishafunga ya kwanza huirudii tena.

Aliyeuliza kuhusu umeme: kitabu ni hicho hicho kwa fani zote, sura unazotumia ndizo zinabadilika.