Naomba ushauri: kanuni zipi za mahjong (mchezo wa kete wa Kichina) kwa wanaoanza?

Habari zenu wakuu. Tupo wanne hapa Moshi, seti yetu ina kete 144, maua na misimu 8 ikiwemo. Msingi tumeushika: kete 13 mkononi, ya 14 ikamilishe mafungu manne na jozi, kete iliyotupwa ya kukamilisha mfuatano unaichukua kwa aliye kushoto kwako tu, ya kukamilisha tatu zinazofanana kwa yeyote.

Tunakwama kwenye pointi. Wawili wamejifunza kanuni za Kijapani kwenye simu: maua yanawekwa kando, mkono usio na yaku (sifa maalumu inayoupa mkono haki ya kushinda) hata moja haushindi, na kama ulishatupa kete unayoisubiri, huwezi kushinda kwa kete ya mwenzako. Wawili tunacheza ya Hong Kong, kuanzia faani 3 (faani ni alama za thamani ya mkono; chini ya hapo hushindi). Tulipochanganya ikawa vurugu tupu: mtu anachukua mifuatano mapema, mkono unakamilika, kumbe hauna sifa ya kushinda. Tukashusha faani hadi 0, raundi zikawa zinaisha haraka mno, hakuna anayejenga mkono wa maana.

Naomba kujua: faani 1 inatosha kwa miezi ya mwanzo? Na aliyeanza na Hong Kong, akihamia Kijapani, ni tabia gani humsumbua zaidi kwenye kutupa kete? Natanguliza shukrani.