Sheikh Al-Amin Mazrui: kadhi wa Mwingereza, bado tumwite mwanamageuzi?

Asalaam aleikum jamani. Kuna jambo lanikera tangu tulipopiga soga barazani juzi. Kila tukitaka mfano wa shekhe wa wastani, mtu wa dini na wa elimu ya kisasa, basi jina ni moja, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Sikatai. Lakini huyohuyo 1932 akakubali ukadhi wa Mombasa na 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na serikali ni ya Mwingereza. Tena Mazrui! 1895 Mbaruk bin Rashid, Mazrui mwenzake, alikuwa msituni apigana na Waingereza haohao mpaka ikabidi akimbilie kwa Mjerumani Tanganyika. Miaka 42 baadae mtu wa ukoo wake yuko ofisini mwao. Mie naona hapo wastani umegeuka kunyamaza. Haya nipingeni.

— Nakupinga mchana kweupe. Anyamaze vipi mtu alotoa Sahifa 1930, kikaratasi cha Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, makusudi kabisa, ili yeyote alopita chuo cha Kurani aweze kukisoma hata kama skuli ya mzungu hajaiona? Mle ndani anawachapa watu wake mwenyewe, pesa zaishia kwenye sherehe na hitima, vijana waiga Uzungu kwa mavazi na ulevi lakini ile elimu yao hawaitaki, yaani wachukua maganda waacha tunda. 1932 akatoa gazeti la Al-Islah, Kiarabu na Kiswahili. Wewe kakangu wataka bunduki tu ndo ujue mtu kapigana?

— Mie ni mwanamke naongezea langu. Nyanya yangu alisoma msahafu wote lakini kuandika hakufunzwa, eti akijua kalamu ataandikia wanaume barua. Huo ndo ulimwengu Sheikh Al-Amin alosimama akasema wasichana nao wafunzwe. Nyie mwabishana mshahara katoa nani. Lau angebaki nje ya ukadhi ingekuwa rahisi sana kumwita mzushi na mambo yakaisha hapo.

— Samahani dada, hilo la wastani ndo silikubali. Sisi watu wa maulidi twajua tulichokiona. Huyu alikuwa msomaji wa Al-Manar, jarida la mwanamageuzi Rashid Rida likitoka Cairo, na bidaa bidaa hizi za leo, maulidi yetu kuitwa uzushi katika dini, mlango aliufungua yeye. Wanafunzi wake wakubwa, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, wote walikuja kuwa Kadhi Mkuu baada yake na wote kalamu zao zilikuwa kali kwetu. Tena yeye mwenyewe alisoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit, sharifu, mtu wa kizazi cha Mtume! Ilmu kaichukua kwetu halafu ndo hivyo.

— Shekhe wangu usimbebeshe mwalimu ukali wa wanafunzi. Farsy ndo huyohuyo alotuachia tafsiri ya Kurani nzima kwa Kiswahili 1969, mbona hiyo mwaisoma wote, wa maulidi na wasio wa maulidi? Fikra ya kuwafunza watu dini kwa lugha yao mwalimu wake alishaitangulia, vijitabu vya kina Al-Amin vya watoto na vya watu wazima vilikuwa vya Kiswahili.

— Mtoa mada narudi. Dada kanibana kidogo. Na kweli hizi mahakama za kadhi, ndoa, talaka na mirathi, zimevuka uhuru wa 1963, zimevuka vita vyote vya katiba ya 2010 na ziko kwenye kifungu cha 170, pengine kwa sababu walikaapo watu wa heshima kama yeye. Hilo nampa. Lakini Al-Islah haikudumu hata miaka miwili na alipokwisha kuwa kadhi hatukuona gazeti jengine la namna ile kutoka kwake, na kwangu ule ukadhi haukulipa ile kalamu. Kesi za mirathi angeweza kuamua mwengine. Halafu mtazameni mwanawe, Profesa Ali Mazrui, baba alitaka aende Azhar, chuo kikuu cha Kiislamu cha Cairo, akafa 1947 kijana ana miaka 14, kijana akaishia Manchester kisha Columbia na Oxford. Sasa mwenye kujua aniambie, mzee angechukia au angefurahi? Maana mie mpaka leo sijaamua.