Kuli, Peponi au rundo la majarida ya zamani: nianze na kipi kwenye feri?

BintiLikoni
Wanamvita, salamu zenu. Naishi ng'ambo ya kivuko, Likoni, kazi yangu iko mjini Mombasa, kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Kila siku saa mbili hivi huniishia kwenye foleni ya feri asubuhi, foleni ya feri jioni, na matatu ya kuunganisha. Miaka yote saa hizo nilikuwa nazimalizia kwenye simu. Mwezi uliopita kioo kikapasuka, fundi akaikalia simu siku tisa, na siku ya tatu nikajikuta nasoma kipande cha gazeti kilichofungiwa viazi karai. Mbaya zaidi nilikasirika kabisa nilipoona mafuta yamefuta aya ya mwisho.

Nikajua ninayo njaa ya kusoma. Sasa nina vitu vitatu mezani. Kuli cha Adam Shafi, nimekinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, shilingi 150, jalada limeshikiliwa na selotepu. Peponi cha Abdulrazak Gurnah, kipya, binamu yangu kaniletea kutoka Dar. Na katoni ya majarida ya marehemu baba, mengi ni Joe na Weekly Review. Mkoba wangu hauchukui vyote, kuna kibweta cha chakula humo. Nianze na kipi? Na nyinyi mnasoma nini? Msinitajie vitabu ambavyo mtu *anapaswa* kusoma. Nitajieni kilichomo mkobani leo.

MzeeWaGati
Binti yangu, anza na Kuli wala usipige ramli. Mimi nilibeba magunia bandari ya Kilindini, hapa Mombasa, kabla makontena hayajatufukuza, na sijakutana na hadithi nyingine inayojua uzito wa gunia kama ile. Kijana Rashidi anaingia bandari ya Unguja, anayakuta maisha ya kuli: kungoja kuitwa, kubeba, kulipwa senti, na ukiumia shauri yako. Kitabu kilitoka 1979 lakini mambo yake ni ya enzi za Mwingereza. Mgomo uliomo si wa kubuni, Unguja waligoma kweli 1948.

Ila sisi tuliwatangulia! Januari 1947 Mombasa ilisimama siku kumi na mbili. Bandari, reli, mahoteli, mpaka wapishi na mayaya wa majumba ya Wazungu. Marehemu baba alikuwemo. Alikuwa akisema siku zile mji ulikuwa kimya hata kunguru walijishuku. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo serikali ikamkamata Chege Kibachia, aliyekuwa akiongoza wafanyakazi, ikampeleka kumzuia kule Baringo. Sasa ukisoma Kuli utaona mambo ni yaleyale, bahari tu imebadilika. Na pale Rashidi anapo

ShangaziTudor
Mzee, hapo hapo! Usimalizie. Mwenzio hajafungua ukurasa wa kwanza.

MwalimuChangamwe
Namheshimu Mzee, lakini nitampinga kidogo.

Peponi nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza chuoni, kwa Kiingereza alichoandikia Gurnah, toleo la 1994. Mara ya pili kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobeli. Mara ya kwanza nilisoma kama mgeni anayetembezwa mtaani kwao na mtu wa kumwelekeza. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz. Yeye anajua anakwenda na ami yake. Ni Khalil, mwenzake wa dukani, anayemfumbua macho: huyu si ami yako, baba yako ana deni. Kwa Kiingereza niliona ni kisa cha kusikitisha. Kwa Kiswahili nilikiweka kitabu chini nikatoka uani. Kwetu jambo hilo lina jina, linaitwa rehani, na kila nyumba ya Pwani inajua bangili ya nani iliwekwa rehani mwaka gani. Lakini mtoto?

Sasa ulinganisho ulioutaka. Kuli kinakwenda moja kwa moja. Mwandishi amekwisha chagua upande na hafichi, kuna kurasa ambapo mazungumzo yanakaribia kuwa hotuba ya mkutano, na bosi akitokea ni mbaya kuanzia kofia hadi kiatu. Faida yake ni kwamba ukikatizwa na honi ya feri, ukirudi hujapotea. Peponi hakitaki hivyo. Kinataka utulivu. Mambo makubwa husemwa kwa sauti ndogo, mtu anaangalia bustani tu kumbe hapo ndipo kisa kilipogeuka. Ukikisoma huku unasukumwa na mikokoteni utasema hakina kitu. Kwa hiyo Kuli feri, Peponi usiku watoto wakilala.

MzeeWaGati
Mwalimu, bosi mbaya kofia hadi kiatu nimefanya naye kazi. Angekuja Adam Shafi kumwandika, wasomi mngesema ametia chumvi.

MwalimuChangamwe
Hapo umenifunga.

MwanaKibokoni
Nyote mwasoma hadithi! Mfukoni mwangu mna Sauti ya Dhiki, na mfuko ni wa kanzu, si wa mkoba, maana kitabu ni chembamba. Abdilatif Abdalla mzaliwa wa papa hapa Mombasa, 1946. Akafungwa 1969 kwa sababu ya karatasi iliyouliza Kenya yenda wapi, akatoka 1972. Mashairi aliyoyatunga kifungoni yakachapishwa 1973, na mwaka wa pili yake yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Serikali ilimfunga mtu, kisha nchi ikamtuza kwa alichokiandika ndani.

Kwa feri, dadangu, hakuna kishindacho shairi. Hadithi huvunjikia kati ukifika gatini. Shairi moja laisha kabla mlango wa feri haujashuka, na ukishuka wapanda nalo kile kilima hadi mjini ukilitafuna. Jaribu lile la mnazi, ndugu wawili, mmoja yu juu na mwenziwe yu chini, wabishana mnazi ni wa nani. Mimi hulirudia kila mwaka wa uchaguzi. Sina haja ya kueleza kwa nini.

Na jambo jingine. Peponi na Kuli vyote ni Kiswahili cha upande wa Unguja. Si vibaya, ni ndugu zetu. Lakini kwa Abdilatif ndiko nisikiako Kimvita chetu, mato kwa macho, ndia kwa njia, mtele kwa mchele, kama alivyosema nyanya. Mwakumbuka 1928 walikutana mji huu huu wa Mombasa kuamua Kiswahili sanifu kijengwe juu ya lahaja gani, wakachagua Kiunguja. Wamekuja kwetu, wamekula, wametuvua kilemba.

FundiKisauni
Kwanza kabisa, si mimi niliyekalia simu ya dada siku tisa. Niko Kisauni, sijawahi kuishika.

Pili, acheni kuidharau simu. Mimi nasoma hapohapo kaunta nikingoja programu ijipakie. Swahili Forum, lile jarida la wataalamu wa Ujerumani, liko bure kwenye intaneti, matoleo ya miaka na miaka. Kuna makala ngumu kama mbao ya mvule na kuna nyingine unazisoma kama umbeya, hasa zikizungumzia washairi waliojibizana. Shida ya simu dada ameshaiona: betri, jua la saa saba ambalo linaifanya skrini kuwa kioo cha kujitazama, na wale vijana wenye mikono myepesi. Kitabu cha 150 chenye selotepu hakuna atakayekinyakua. Nimekifikiria sana hicho.

Tena nikiri kosa. Nilikuwa na riwaya nyingi kwenye simu, mafaili ya kurushiana kwenye magrupu. Siku moja mteja akaniuliza, wewe mtu akiingia hapa akachukua chaja bila kulipa utasemaje? Nikafuta. Si zote. Nyingi.

Nikipata karatasi nasoma Mungu Hakopeshwi cha Zainab Alwi Baharoon. Kilishinda tuzo ya riwaya ile ya Cornell ya Kiswahili, 2018. Nimefika katikati, naenda polepole kwa sababu mke wangu anakisoma pia na alama yake iko mbele ya yangu. Kila siku ananitishia kunisimulia.

ShangaziTudor
Kuhusu katoni ya majarida, mwanangu, hiyo ni mali. Joe walianza Hilary Ng'weno na Terry Hirst 1973, na kikatuni chake kilikuwa kinasema mambo ambayo gazeti lisingethubutu. Weekly Review ni ya Ng'weno huyohuyo, ilianza 1975 ikafa 1999. Zisome nyumbani. Karatasi zile zimekauka, upepo wa pale kivukoni utakuachia stepla mkononi. Mimi nilifungua Taifa Leo kwenye sitaha mara moja tu maishani. Ukurasa wa mashairi ukaruka ukamfunika usoni mama mmoja mwenye beseni la samaki. Nilimwomba radhi, na yeye akalisoma shairi kabla ya kunirudishia.

Ukipenda historia kwa vipande vifupi, kuna jarida la Old Africa, ni kwa Kiingereza. Barua za watu wa zamani, picha, treni, meli. Hilo karatasi yake inavumilia.

Mkobani mwangu leo? Mtanicheka. Nguu za Jadi, riwaya ya Clara Momanyi, cha mjukuu wangu wa kidato cha nne. Yeye anasoma maswali na majibu kwenye kijitabu cha mwongozo, mimi nasoma riwaya. Tukikaa jioni ananiuliza mhusika fulani ana sifa gani, namwambia soma ujue kama mimi. Nadhani watoto wangeipenda zaidi kama hawangeulizwa "dondoo hili limesemwa na nani".

MwalimuChangamwe
Shangazi, hilo swali linaniwekea ugali mezani, lipunguzie ukali.

MwanaKibokoni
Majarida mwataja ya Nairobi pekee. Mombasa ilikuwa na Sahifa ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, 1930, na Al-Islah, 1932. Makala za Sahifa zilikusanywa zikawa kitabu, Uwongozi, na 2017 kikatolewa tena, Kiswahili ukurasa huu na Kiingereza ukurasa wa pili. Amma jinsi alivyowasema watu wa mji kwa uvivu na israfu za harusi, waweza kudhani ameandika Jumamosi iliyopita. Bei yake lakini ni ya maktaba za ng'ambo ya bahari, si ya kanzu yangu. Nimeisoma kwa kuazima, nikairudisha kwa wakati.

BintiLikoni
Jamani asanteni. Ripoti ya wiki mbili.

Nilimfuata Mzee, nikaanza na Kuli. Siku ya kwanza nilisoma kurasa nne, maana kila mstari nainua macho kutazama kama foleni imesogea. Siku ya tano nikaiacha feri ikaondoka nikiwa nimekaa palepale benchini. Haikuwa imejaa. Mlinzi akaniuliza, mama unaumwa? Ofisini ninashughulika na karatasi za mizigo mchana kutwa, kontena namba fulani, uzito fulani, na nilikuwa sijawahi kuwaza kwamba uzito ule uliwahi kuandikwa kwenye mgongo wa mtu.

Mwalimu pia una haki. Kuna mahali niliona nahutubiwa, nikaruka aya mbili. Mzee asinione.

Peponi nimejaribu feri asubuhi moja, nikasoma ukurasa uleule mara tatu. Usiku, baada ya sala, umeme ukiwa umekatika, kwa taa ya kuchaji, nikasoma sura nzima. Basi hilo limekwisha, sina ubishi.

Sasa msiba wenyewe. Nakala yangu ya Kuli haina kurasa za mwisho! Zimeng'olewa, selotepu ilikuwa inaficha kidonda. Wafanyakazi wameshaamua, mambo yameiva, halafu jalada.

MzeeWaGati
Nikwambie?

ShangaziTudor
HAPANA.

FundiKisauni
Dada, rudi kwa yule muuzaji. Na mimi mteja akiniletea simu nimeuza bila betri, narudisha pesa.

BintiLikoni
Nimerudi. Ameniambia kwa 150 nilitaka na mwisho pia?

MwalimuChangamwe
Maktaba ya shule yetu ina nakala mbili, moja nimeiazima kwa jina langu. Nitakuwa kivukoni Jumatano saa kumi na moja jioni, upande wa kisiwani, kwa yule mama wa mahamri. Kitabu kinarudi Jumatatu bila doa la mbaazi, tafadhali, msimamizi wa maktaba ni mkali kuliko mimi.

MwanaKibokoni
Nami nitapita na Sauti ya Dhiki. Hiyo siazimishi. Nitakusomea lile la mnazi ukingoja feri, kisha nitarudi nayo.

MzeeWaGati
Nitakuja pia, kwa ajili ya mahamri. Binti yangu, ukimaliza hicho cha Peponi ungeniazima. Nimekisema vibaya nyumbani wiki nzima, na mke wangu ameniuliza kama nimekisoma.

BintiLikoni
Nimebakiza sura mbili, Mzee. Jumatano nakuletea. Maandishi yake si makubwa lakini.

MzeeWaGati
Miwani ninayo. Usinambie tu mwisho.