Mzee ana baridi yabisi, daktari anataka kupima uboho. Kwa nini?

Binti_Pangani: Habari wadau. Baba yangu ana miaka 67, mvuvi mstaafu. Vidole na vifundo vya miguu vinavimba, asubuhi hawezi kufunga kifungo cha shati. Sasa miguuni yametoka madoa ya zambarau, ukiyabonyeza hayapotei. Akimeza predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, anapona hadi anakwenda sokoni. Dozi ikishushwa tu, yote yanarudi. Kipimo cha rumatoidi hakikuonyesha kitu. Damu imepungua, ameshaongezewa. Kaka zangu wamekigomea hicho kipimo cha uboho: miguu ndiyo inauma, kiunoni wanatafuta nini?

Mtimkavu: Hiyo gauti. Mpeni maji ya limau na mwarobaini.

Nesi_Mstaafu: Gauti haitoi madoa hayo, mwarobaini uacheni mtini. Pole mwanangu. Doa lisilopotea ukilibonyeza ni damu iliyovuja, na hapo nashuku mishipa midogo ya damu imevimba. Mara nyingi chanzo ni dawa au maambukizi, ndiyo maana hupimwa homa ya ini na VVU. Wengi wenye madoa haya hawana saratani. Lakini mzee wa umri huo, dawa haiachiki, na damu inashuka? Lazima kiwanda chenyewe cha damu, yaani uboho ulio ndani ya mifupa, kikaguliwe. Uboho ukiugua, kinga ya mwili inaweza kugeukia viungo na mishipa yake yenyewe, na maumivu ya viungo huweza kutangulia miezi mingi kabla saratani haijaonekana.

Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walieleza ugonjwa waliouita VEXAS, hitilafu ya jeni la UBA1 kwenye seli za uboho. Karibu wagonjwa wote ni wanaume watu wazima. Muulize mzee, maana hiyo ni dalili yake mojawapo: sikio limewahi kuvimba likawa jekundu, ila pale panapotobolewa hereni pakabaki salama?

Kipimo chenyewe ni sindano nyuma ya nyonga, kwa ganzi. Ila ganzi haizuii ule mvuto wa sekunde chache uboho unapofyonzwa. Mwambieni mapema asije akaruka.

Binti_Pangani: Shikamoo mama. Sikio! Mwezi wa Ramadhani lilivimba, tukadhani kaumwa na mdudu.

Nesi_Mstaafu: Marahaba. Kamwambie daktari hilo hilo. Na doa jipya likitoka, wahini siku hiyo au ya pili likatwe kipande kidogo cha kupima. Likishakaa halisemi mengi. Predinisoloni msimwongezee wala msimkatishe wenyewe: ikizidi kabla ya vipimo inaweza kuficha saratani ya tezi za limfu, na akiiacha ghafla atazidiwa.