Mafua ya Mwajuma

Mwajuma: Asalaam aleikum. Leo kwa Bibi sitafika. Mafua toka jana asubuhi, homa, viungo vyote vinauma.

Shangazi Hadija: Waaleikum salaam. Pole mwanangu. Jifukize, chemsha tangawizi na ndimu. Sisi tulizaa saba na mafua tuliugua.

Mwajuma: Nimejifukiza Shangazi. Ila usiku nimelala nimekaa, mito mitatu mgongoni. Nikijinyoosha pumzi haitoshi.

Salma: Shikamoo Shangazi. Mwajuma, una wiki ngapi?

Mwajuma: 31

Salma: Hiyo mito mitatu imenishtua. Mimba ikifika hapo, tumbo linasukuma kiwambo, ule msuli wa kupumulia chini ya mapafu, juu, mapafu yanabanwa kwa chini, na mwili unataka oksijeni nyingi kuliko siku zote. Virusi vikishuka kifuani, akiba ya pumzi ni ndogo. Twende hospitali leo.

Kaka Idi: Si kwamba mjamzito kinga yake imeshuka?

Salma: Haijashuka yote, kaka, imejipanga upya. Mtoto nusu ni wa baba yake, kwa mwili wa mama ni kama mgeni, na kinga inabidi imvumilie. Kwa hiyo baadhi ya chembe zinazoua seli zenye virusi zinapunguza makali, hasa miezi ya mwisho. Nyingine zinabaki kali, na mapafu yanaweza kuvimba sana. Mafua ya H1N1 ya 2009 kule Marekani, wajawazito walikuwa kama 1 katika kila watu 100, lakini katika kila vifo 100 walikuwa kama 5.

Shangazi Hadija: Ya Rabi.

Baba Nasra: Shemeji Salma, nimemnunulia ibuprofen, nimpe?

Salma: Hapana shemeji, kwa mimba hiyo usimpe. Paracetamol ya homa sawa, na tangawizi ya Shangazi anywe, inalainisha koo. Kama ni influenza, mafua makali ya virusi, kuna dawa ya virusi hivyo, oseltamivir, na inasaidia zaidi ikianza ndani ya saa 48. Toka jana asubuhi mmeshakula zaidi ya nusu ya muda huo. Mwajuma, mtoto anacheza?

Mwajuma: Leo kidogo kuliko jana

Salma: Baba Nasra ita bajaji sasa hivi. Chukueni kadi ya kliniki.

Baba Nasra: Tunatoka.

Baba Nasra: Tumefika. Kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni kimesoma asilimia 93. Daktari anasema kwa mjamzito anataka 95 kwenda juu. Wamemwekea oksijeni, dawa ameanza, wanamlaza. Moyo wa mtoto wameusikiliza, unadunda vizuri.

Shangazi Hadija: Alhamdulillah. Salma mwanangu, ahsante. Napika uji nije.

Salma: Njoo na barakoa Shangazi, na Bibi abaki nyumbani. Kaka Idi, wifi ana mimba ya miezi minne, muulizie chanjo ya mafua. Kinga yake inapita kwenye kondo mpaka kwa mtoto, na mtoto chini ya miezi 6 hachanjwi mafua.

Kaka Idi: Kesho asubuhi nampeleka kuuliza.

Mwajuma: Nimelala ubavu. Mtoto amenipiga teke mara mbili