Mjadala: Kiwanja cha alasiri ni cha nani? Maisha ya Desiree Ellis na mpira wa wasichana wa Zanzibar

Mwanzisha mada, Mjini Unguja

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Kila unapotajwa mpira wa miguu wa wanawake hapa kwetu, mazungumzo hurejea kwenye swali lile lile la kama inafaa mtoto wa kike kucheza. Naomba kwa heshima tuliweke kando, kwa sababu wachezaji wenyewe walikwishalijibu kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Mashindano ya kwanza ya wanawake ya CECAFA, baraza la mpira la Afrika Mashariki na Kati, yalifanyika hapa hapa Zanzibar mwaka 1986, na kombe likabaki nyumbani. Yalipofufuliwa mwaka 2016 mjini Jinja, Uganda, ilikuwa imepita miaka 30, na timu yetu ikarudi na vipigo vikubwa. Ninalotaka tulijadili ni tumewanyima nini wanawake hawa katika miaka hiyo, hata waliotangulia wakawa wa mwisho.

Jibu langu ni kwamba tumewanyima kiwanja, na hasa tumewanyima saa zile chache zilizo kati ya sala ya Alasiri na ya Magharibi, ambazo katika kila mtaa ni za vijana wa kiume na, wakichoka hao, za maveterani. Napendekeza kila shehia yenye kiwanja cha wazi itenge alasiri mbili kwa wiki kwa ajili ya wasichana, kwa tangazo la sheha mwenyewe, na skuli ziuingize mchezo huu katika ratiba ya wasichana kama zilivyoingiza netiboli.

Nimefika hapo kwa kuyafuatilia maisha ya Desiree Ellis wa Afrika Kusini, aliyekuwa nahodha na baadaye kocha wa timu ya taifa ya wanawake ya nchi hiyo. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 Salt River, kitongoji cha Cape Town, katika miaka ya ubaguzi wa rangi, na akajifunza mpira mitaani pamoja na watoto wa kiume. Hapakuwa na uhaba wa kipaji, wala hakuwa mtu wa kusubiri ruhusa. Lakini miaka ambayo mchezaji huwa na nguvu zake zote ilimpita nchi yake ikiwa nje ya FIFA, na iliporudishwa mwaka 1992 ndipo ikawezekana kuundwa timu ya taifa ya kutambulika. Mechi ya kwanza rasmi ya timu hiyo, inayoitwa Banyana Banyana, ilichezwa tarehe 30 Mei 1993 dhidi ya Swaziland, ambayo leo inaitwa Eswatini. Walishinda 14-0, na Ellis akafunga matatu. Alikuwa na umri wa miaka 30, umri ambao wengi huanza kufikiria kutundika daluga.

Riziki yake wakati huo ilitokana na kuchanganya viungo katika biashara ya nyama, na kazi hiyo ikampotea kwa sababu ya siku alizokosekana akiwa katika mpira. Taifa lilimpa jezi bila ya mshahara wa kuishi, na tajiri wake hakumpa nafasi ya kuivaa jezi hiyo. Hata hivyo aliendelea, akawa nahodha, na akastaafu mwaka 2002 akiwa amecheza mechi 32 za taifa. Hebu zigawanye mechi hizo kwa miaka tisa: ni chini ya nne kwa mwaka, kwa mchezaji aliyekuwa nahodha wa nchi yake. Wanaouliza kwa nini wanawake wa kizazi kile hawakufika mbali zaidi waanzie kwenye hesabu hiyo.

Sehemu ya pili ya maisha yake inajulikana zaidi, kwa hiyo nitaipita upesi. Alikuwa msaidizi wa kocha Mholanzi Vera Pauw, akakabidhiwa timu kwa muda mwaka 2016, na akathibitishwa mwaka 2018. Aliipeleka nchi yake katika Kombe la Dunia la wanawake kwa mara ya kwanza mwaka 2019, akatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2022 kwa kuifunga Morocco 2-1 mjini Rabat, na mwaka 2023 akaifunga Italia 3-2 na kuingia hatua ya 16 bora, jambo ambalo timu ya wakubwa ya wanaume ya nchi hiyo haikuwa imelifikia katika Kombe la Dunia.

Swali la kujiuliza ni wachezaji hao aliowapata walitoka wapi. Walikuwa ni watoto waliopewa kile ambacho yeye hakupewa. Katika Chuo Kikuu cha Pretoria palianzishwa kituo ambamo wasichana waliishi, walisoma na kufanya mazoezi chini ya uangalizi mmoja, na baadaye ikaja ligi ya majimbo iliyodhaminiwa na kampuni ya Sasol, kisha ligi ya taifa mwaka 2019. Saa za mazoezi zikawa ni sehemu ya siku ya skuli, kwa hiyo msichana hakulazimika kuziiba kutoka kwenye kazi za nyumbani au kazi ya mshahara. Sisi hatuna uwezo wa kujenga kituo kama kile kesho asubuhi, lakini saa za alasiri tunazo leo.

Mchangiaji, Micheweni

Waalaykum salaam, ndugu mwanzisha mada. Habari za mama huyu zinavutia, na kunyang'anywa kazi kwa kosa la kuchezea taifa ni dhulma, hilo sina ubishi nalo. Lakini Cape Town si Micheweni. Kiwanja chetu kimekatwa na njia ya miguu, upande mmoja pana maskani, upande wa pili pana duka, na jioni yote wanaume wamekaa. Binti akikimbia pale anatazamwa na watu ambao mzazi wake hakuwachagua, na siku hizi hawatazami tu, wana simu mikononi. Picha ikishatoka haina wa kuirudisha. Mzazi anayemzuia binti yake kwa sababu hiyo asiitwe mshamba.

La pili, alasiri ndiyo saa ya chuoni. Mtoto anatoka skuli, anakula, anakwenda chuoni. Ukinitaka nimtoe mtoto kwenye Qur-ani nimpeleke mpirani, hutanipata, hata ungekuwa na makombe ya Afrika kumi. Sisemi wasichana wasifanye mazoezi. Nasema pendekezo lako limeandikwa na mtu wa mjini.

Mwalimu wa michezo, Chake Chake

Namuunga mkono ndugu yangu wa Micheweni kuhusu simu, na nitamuuliza kuhusu chuo. Watoto wa kiume nao wana chuo, na ni wajibu ule ule, lakini sijawahi kusikia kiwanja kimefungwa alasiri ili wao wasikose darsa. Tunaikumbuka saa ya chuo anapotajwa msichana. Hata hivyo hoja yake ina ufumbuzi mwepesi: vyuo vingi hupumzika Alhamisi na Ijumaa. Pendekezo la alasiri mbili likitaja siku hizo kwa majina yake, pingamizi hilo linaondoka, na wazazi wataona kwamba waliolipanga wanaishi nao.

Kuhusu kutazamwa, ninasema kwa yale ninayoyaona kazini. Wazazi wanaikubali netiboli, na wengi wetu tunadhani wameukubali mchezo wenyewe. Mimi naona wamekikubali kiwanja chake, ambacho ni kidogo, kiko ndani ya uzio wa skuli, na mwalimu wa kike amesimama pembeni. Wasichana wale wale wakihamishiwa kwenye kiwanja kikubwa cha kijiji, hata kwa netiboli, maneno yataanza. Kwa hiyo tuanze ndani ya uzio, watano kwa watano, kwa magoli madogo, kwenye kiwanja kile kile cha netiboli. Mpira mmoja unatosha.

Nina wasiwasi na jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa. Msichana akimaliza skuli, uzio huo humwishia siku hiyo hiyo. Kaka yake anaingia klabu ya mtaani, yeye hana pa kuingia. Ellis alipata kucheza mpaka akakaribia miaka 40. Wasichana wangu wengi huacha kabla ya 18, na wanaoacha ni wale wazuri.

Mchangiaji, Ng'ambo

Na fedha? Klabu zetu za Ligi Kuu zinasumbuka na nauli ya meli kwenda na kurudi Pemba. Leo mnataka zibebe na timu za wanawake. Acheni kwanza wanaume wasimame.

Mwanzisha mada

Nashukuru kwa michango. Nianze na ndugu yangu wa Ng'ambo, kwa sababu jibu lake ni fupi: kutenga alasiri ya kiwanja hakuhitaji fedha ya klabu yoyote. Hoja ya klabu kuwa na timu za wanawake ni nzito na inastahili mjadala wake, lakini isitumike kuizuia hii. Hilo la kusubiri wanaume wasimame limesubiriwa tangu 1986.

Ndugu wa Micheweni, nimelichukua neno lako kuhusu simu kwa uzito wake. Tangazo la sheha liseme waziwazi kwamba kupiga picha ni marufuku, na wasimamizi wawe wanawake, akina mama wa shehia ile ile ambao vijana wa maskani wanawajua na kuwastahi. Siku zilizotajwa na Mwalimu nazikubali zote mbili. Lakini unaposema Cape Town si Micheweni, ukumbuke kwamba Afrika ina mifano mingine iliyo karibu zaidi na sisi. FIFA ilipiga marufuku hijabu uwanjani mwaka 2007, na mwaka 2011 wanawake wa Iran walizuiwa kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki kwa sababu ya vazi lao. Sheria ililegezwa mwaka 2014. Tarehe 30 Julai 2023, mjini Adelaide, beki wa Morocco Nouhaila Benzina akawa mchezaji wa kwanza kuvaa hijabu katika Kombe la Dunia la wakubwa la wanawake, na nchi yake ikaifunga Korea Kusini 1-0. Mwaka mmoja kabla, nusu fainali ya wanawake ya Afrika baina ya Morocco na Nigeria ilihudhuriwa Rabat na watu zaidi ya 45,000. Kwa miaka saba waliomzuia msichana wa hijabu kucheza walikuwa ni watunga sheria wa mpira wa dunia, na wenye hijabu ndio waliokuwa wakidai nafasi. Ingekuwa ajabu nafasi hiyo ikapatikana Adelaide na kukosekana Pemba.

Wala umbali wa uwanjani si mkubwa kama tunavyodhani. Mwezi Julai 2025, katika fainali za Afrika huko Morocco, Twiga Stars, ambayo ni timu ya Tanzania nzima na sisi tumo ndani yake, ilitoka sare ya 1-1 na Banyana Banyana ya Ellis.

Linalobakia ni lile la Mwalimu, nami naliona ndilo gumu kuliko yote. Ndani ya uzio, mwalimu mkuu ndiye mwenye kauli. Nje ya uzio, kiwanja ni cha umma kwa maandishi, ila kwa mazoea kina wenyewe, yaani klabu iliyokitumia miaka 20 au 30, iliyong'oa visiki na kusimamisha magoli kwa michango yake, na ambayo haitaondoka Alhamisi kwa sababu ya karatasi iliyobandikwa ukutani. Nawaomba wachangiaji waliowahi kuwa viongozi wa klabu za mitaani, Unguja na Pemba, waseme ukweli: sheha akija na tangazo hilo, mtaondoka? Na kama hamtaondoka, mngetaka mpewe nini kwanza?