Nimelipa kiingilio, nimekaa juani kutwa nzima, na mpaka leo sijui matokeo ya mita 5000 wanawake

Wakuu, nimekaa na hili jambo siku nne nikisubiri hasira ishuke. Haijashuka, kwa hiyo naandika hivyohivyo.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kuangalia mashindano ya riadha huku kwetu kaskazini. Uwanja siutaji na waandaaji siwataji, waliokuwepo wanajua. Nilikwenda na mtoto wa dada yangu, ana miaka 11, anakimbia mita 800 na 1500 shuleni na ndoto yake ni kufika UMITASHUMTA taifa, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi. Nilimwahidi tangu mwezi uliopita. Kiingilio cha jukwaa lenye kivuli shilingi 10,000 kwangu na 5,000 kwake. Tangazo lilisema mbio zinaanza saa 2:00 asubuhi, na sisi saa 1:40 tulikuwa getini.

Mbio ya kwanza ilianza saa 4:50.

Kuchelewa nimeshazoea na nisingefungua uzi kwa sababu hiyo. Kilichoniuma ni kingine. Pale mlangoni niliomba karatasi ya ratiba yenye majina na namba za wakimbiaji. Kijana akaniambia hazipo, zimechapwa za meza kuu tu. Na kweli niliziona baadaye: kila kiti cha meza kuu kina karatasi yake, imelaliwa na chupa ya maji, na viti vyenyewe vitupu mpaka saa sita. Sisi tuliolipa hatukupewa hata moja ya kubandika ukutani.

Naomba mnielewe hapa, maana wengi wanadhani riadha ni kukaa tu na kutazama watu wakikimbia. Mpira hata ukiingia uwanjani dakika ya 60 bila kujua timu gani zinacheza, bao likifungwa utaliona. Riadha haiko hivyo. Mita 10,000 ni mizunguko 25, na baada ya mzunguko wa kumi na tano anayeonekana yuko mbele anaweza kuwa amezidiwa mzunguko mzima. Mrusha mkuki ana mitupo mitatu, nane bora ndio wanaongezewa mingine mitatu. Usipoambiwa nani yuko wa ngapi na anahitaji mita ngapi, unaona vijana wanarusha vijiti kwenye majani. Ukimnyima mtazamaji wa riadha taarifa umemnyima mchezo wenyewe. Kiingilio chake umechukua bure.

Saa tano wakaja walinzi wakatuhamisha. Safu tatu za kivuli zinatakiwa kwa msafara wa mgeni rasmi. Nikaonyesha tiketi, nikaambiwa "kaka, elewa tu". Tukapelekwa upande wa pili, juani, na kutoka kule mstari wa kumalizia hauonekani, kwa sababu turubai za wadhamini zimepangwa kando ya mita 100 za mwisho kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mita 100 wanaume nimeangalia vichwa vikipita nyuma ya turubai. Nani alishinda? MC alikuwa ameweka muziki. Saa ya kuonyesha muda haipo. Upepo haukusomwa, au kama ulisomwa hatukutangaziwa.

Sasa hiyo mita 5000 wanawake.

Mbio hiyo ni mizunguko 12 na nusu. Mimi nina mazoea ya kuhesabu, nachora mistari kwenye daftari kila kiongozi anapopita mbele yangu, na safari hii nilimpa mtoto kalamu ahesabu yeye. Mbele alikuwepo binti mmoja mwembamba, fulana ya njano, namba ya kifuani imeshikwa na pini mbili tu za juu kwa hiyo ilikuwa inapepea na kumpiga kidevuni. Nyuma yake mwingine wa bluu, ametulia, hamwachi hata hatua mbili. Mbio nzuri kabisa. Ikiwa imebaki mizunguko mitano mgeni rasmi akaingia. MC akatuambia tusimame. Msafara ukakatiza uwanja ukipita juu ya njia ya kukimbilia, watu kumi na tano hivi, wengine wamesimama hapohapo kupiga picha, na wale mabinti wakalazimika kutanuka mpaka njia ya tatu kuwakwepa. Hakuna mwamuzi aliyefungua mdomo.

Halafu kengele ikalia. Mtoto akaangalia daftari, akanitazama. "Mjomba, bado miwili."

Nikahesabu mistari yake. Alikuwa sahihi. Kengele inapigwa ukibaki mzunguko mmoja, wao wameipiga imebaki miwili. Binti wa njano afanyeje? Kengele ni kengele. Akafyatuka. Ikiwa imebaki kama mita 300 kufika pale alipodhani ni mwisho, akafungua mguu kwelikweli, akamwacha mwenzake mita 40 au zaidi, akapotelea nyuma ya turubai. Alipotokea upande wa pili alikuwa ameshapiga magoti, mikono juu. Na mzee mmoja wa kamati anamkimbilia akimpungia kidole: bado mmoja, bado mmoja.

Yule wa bluu kocha wake alikuwa kwenye uzio, kengele ilipolia nilimsikia akipiga kelele "bado miwili! tulia!" Akatulia. Akapita kwa mwendo uleule wakati mwenzake yuko chini.

Binti wa njano aliinuka. Akakimbia mzunguko mwingine ameshika ubavu wa kulia, mdomo wazi, ile namba sasa imebaki na pini moja inaning'inia. Watatu walimpita nikiwaona. Kama kuna wa nne alimpita nyuma ya turubai sijui. MC akasema "tumpigie makofi mshindi wetu", hakutaja jina, hakutaja muda, akaweka wimbo. Mtoto akaniuliza kwa nini dada yule amekimbia tena na sikuwa na jibu la kumpa linalofanana na haki.

Baadaye mgeni rasmi akahutubia zaidi ya nusu saa, miruko imesimamishwa, vijana wa kuruka juu wamekaa wanapoa misuli. Katika hotuba akamtaja Filbert Bayi, kwamba vijana wafuate nyayo zake. Mimi Bayi namheshimu kuliko mwanamichezo yeyote wa nchi hii, ndiyo maana niliumia. Tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, New Zealand, alishika mbele tangu mwanzo, hakuachia, akamaliza mita 1500 kwa 3:32.16, rekodi ya dunia, John Walker akafika nyuma yake kwa 3:32.52. Muda ule ulibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mpaka 2022. Miaka 48! Na tunaujua leo kwa tarakimu zake zote kwa sababu palikuwa na watu waliohesabu mizunguko vizuri, wakapima muda, wakaandika, wakatangaza. Bayi angekimbia Jumamosi iliyopita pale tulipokuwa, tungebaki na "tumpigie makofi mshindi wetu".

Chukueni na Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, Septemba 2025, Tokyo. Kilomita 42 na ushee, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani wakaandikiwa muda mmoja, 2:09:48, wakatenganishwa na sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha ilipatikana kwa upana wa kifua, na kila aliyekuwa uwanjani aliambiwa nani ameshinda. Kwetu sekunde 0.03 nani angeiona, na kwa kifaa gani?

Msiseme nalinganisha na Ujapani. Tarehe 7 Mei 2022 nilipanda gari Arusha usiku, nikavuka mpaka Namanga, nikaenda uwanja wa Kasarani, Nairobi. Omanyala wa Kenya alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.85 mbele ya Fred Kerley wa Marekani, Shelly-Ann Fraser-Pryce wa Jamaika akakimbia za wanawake kwa 10.67, na nilikuwa najua kila ninachokiona wakati ninakiona. Watu walinyamaza kimya wakimbiaji walipoinama kwenye vianzio. Uwanja mzima kimya, kisha mlio. Huo ukimya haununuliwi, unatokana na watazamaji kujua kinachokuja. Hao ni majirani zetu, saa chache tu kwa barabara.

Kuna watakaosema hapa hakuna hela. Hela za turubai zilikuwepo, za spika zilikuwepo, za fulana za kamati zilikuwepo. Kibao cha kugeuza namba za mizunguko ni mbao na rangi, fundi wa mtaani anakitengeneza kwa siku moja. Orodha ya majina ni kwenda steshenari kutoa kopi. Mtu wa kengele ni mtu mmoja mwenye karatasi ya kuhesabia, asiyeinuka kusalimia mgeni yeyote mbio ikiwa inaendelea. MC afundishwe kutaja namba, jina, mzunguko na muda, muziki usubiri mapumziko. Na turubai zihamie upande usio na mstari wa kumalizia, hilo hata senti halihitaji.

Nilituma ujumbe kwenye namba iliyokuwa kwenye tangazo kuomba matokeo. Tiki mbili za bluu, kimya. Jumatatu wakaweka picha 38 za tukio. Nimezipitia zote. Mgeni rasmi yumo kwenye 21, mkimbiaji aliyetajwa jina hayumo hata mmoja.

Kwa hiyo naomba humu ndani. Mwenye matokeo ya mita 5000 wanawake, hata yaliyoandikwa kwa mkono, ayaweke hapa. Namtafuta yule binti wa fulana ya njano: alipewa nafasi ya ngapi, na walimwandikia muda gani, au hawakumwandikia kabisa. Mtoto ameacha nafasi wazi kwenye daftari chini ya ile mistari 12, na kila jioni ananiuliza kama nimepata.